Kutoka Lori la Sinema Hadi Simu ya Chamazi: Nani Kashika Mkasi?

Leo naomba tuweke kando siasa na bei ya sukari, tuongee historia kidogo. Msinikimbie jamani! Ni historia ya kitu ambacho wengi wenu mmekifanya wiki hii hii: kurekodi video kwa simu, kuikata, kuipachika muziki na maneno, halafu kuirusha TikTok au Instagram na kusubiri watu wacheke.

Nimesema "kuikata" kwa makusudi. Watu wa filamu wanajua kwamba kamera ni nusu tu ya kazi, nusu ya pili ni mkasi. Zamani filamu ilikuwa utepe, na mhariri alikaa nao mezani akikata kipande hiki na kukigundisha na kile. Anayekata ndiye anayeamua nani aonekane, aonekane kwa muda gani, na mtazamaji acheke wapi. Swali langu la leo ni moja: hapa kwetu huo mkasi ulikuwa mkononi mwa nani, na umefikaje mpaka kwa kijana wa Chamazi?

LORI LA VUGIRI

Tuanzie mwaka 1935, Vugiri, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani majaribio ya kuwaelimisha Wabantu kwa sinema. Wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na bwana G. C. Latham, na fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Mpaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 hivi: kilimo bora, ufugaji, minyoo, faida za kuweka akiba posta. Walibeba projekta kwenye lori wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Sauti ilikuwa kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo.

Waigizaji wengi walikuwa Waafrika. Lakini kuamua hadithi iwe ipi na kipande gani kibaki, hiyo ilikuwa kazi ya mabwana.

Vita ya Pili ilipoanza 1939 Waingereza wakaunda kitengo cha filamu za makoloni, Colonial Film Unit, makao yake London. Aliyekiongoza ni William Sellers, ambaye alikuwa ameonyesha filamu za afya huko Nigeria. Huyu bwana alikuwa na kanuni zake za kutengeneza filamu za Waafrika. Picha iende taratibu. Kila tendo lionyeshwe mwanzo hadi mwisho. Kamera isihamehame. Hila za picha ni marufuku. Sababu? Mwafrika, hasa wa kijijini, eti hawezi kufuata picha inayokatwa haraka haraka. Atachanganyikiwa.

Hapa inabidi niwaletee kisa cha kuku. Alikisimulia msomi mmoja wa London, John Wilson, na Marshall McLuhan wa Kanada akakichapa kwenye kitabu chake cha 1962, The Gutenberg Galaxy. Afisa wa afya alitengeneza filamu ya dakika tano hivi, ya polepole sana, kuwafundisha wanakijiji wa Afrika kuondoa maji yaliyotuama. Ilipokwisha watazamaji thelathini na kitu wakaulizwa: mmeona nini? Wakajibu: tumeona kuku.

Kuku? Kuku gani? Watengenezaji wenyewe hawakujua kama kuna kuku. Ikabidi waikague filamu fremu moja baada ya nyingine, na kweli wakamkuta, amekatiza kona ya chini ya picha kwa sekunde moja hivi, akikimbia.

Kisa hiki kimesimuliwa miaka mingi kama ushahidi kwamba Mwafrika alikuwa hajui kutazama picha. Mimi nakisoma kinyume chake. Ndugu msomaji, hebu fikiria. Watu walewale walioambiwa hawawezi kufuata picha ya haraka ndio walioona kitu cha sekunde moja, ambacho aliyerekodi hakukiona, aliyekata hakukiona, na aliyelipia hakukiona. Jicho lilikuwa na kasi tangu siku ya kwanza. Tulichokosa ni mkasi.

NYOTA WA FILAMU ALIYEKUWA WAZIRI MKUU

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu, nyingine Chalo Amerudi, nyingine Meli Inakwenda. Na nyota wake alikuwa nani? Kijana aliyefanya kazi Idara ya Ustawi wa Jamii, aliyekuwa akizunguka na sinema ya serikali: Rashidi Mfaume Kawawa. Naam, Simba wa Vita mwenyewe! Kijana huyo wa sinema ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu Januari 1962, akafariki Desemba 31, 2009 akiwa mzee wa taifa.

Nikiwaambia rafiki zangu kwamba Kawawa alikuwa muigizaji wanadhani natania. Ila angalieni na upande wa pili. Kawawa aliutoa uso wake, mwili wake na Kiswahili chake, lakini mkasi haukuwa wake. Filamu zile zilikuwa za kuwafundisha watu wa shamba wasipotee mjini, na anayefundisha ndiye alikuwa na meza ya kukatia.

Baada ya uhuru meza ikahamia kwa serikali yetu wenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliundwa 1968. Ikatengeneza Fimbo ya Mnyonge kuhusu ujamaa, baadaye ikaja Arusi ya Mariamu ya 1985, filamu nzuri kabisa kuhusu tiba za jadi. Lakini utepe wa filamu ulinunuliwa kwa fedha za kigeni, na mnajua wenyewe hali ya fedha za kigeni miaka ile ya 1980. Juu ya hayo, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ilimpa mkaguzi wa serikali nafasi ya kukata kwa mkasi wake. Televisheni nayo? Zanzibar waliipata miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994.

Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu wa Temeke alikuwa mtazamaji tu. Aliingia Avalon au Empress mjini kati kuangalia filamu za Kihindi na za makarate, au kama ana jamaa mwenye gari alikwenda Drive-In iliyofunguliwa 1966. Nyimbo za Kihindi alizishika kwa kichwa bila kuelewa neno. Hiyo tabia ya kuimba wimbo wa lugha usiyoijua muiweke akiba, nitairudia.

KIBANDA UMIZA

Halafu ikaja VHS na mambo yakaanza kugeuka. Vibanda vya video vikaota kila kona ya uswahilini: Manzese, Tandale, Temeke, Mbagala. Benchi za mbao, pazia jeusi, joto la kufa mtu, ndiyo maana vikaitwa vibanda umiza. Filamu zilikuwa za Hong Kong, Marekani, India na Nigeria. Shida ilikuwa lugha.

Hapo ndipo alipong'ara Lufufu. Huyu ni Kapteni Derek Mukandala, mwalimu wa wote waliofuata. Alichofanya ni kuichukua filamu ya kigeni na kuiwekea sauti yake kwa Kiswahili, akieleza, akitania, akiongeza chumvi, akimpa muigizaji maneno ambayo Hollywood haijawahi kuyaandika. Baada yake wakaja wengine, na hadi leo kanda za waliotafsiri filamu namna hiyo zinatazamwa. Uganda nako wakawa na kina VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro.

Wasomi wetu wengi waliwacheka watu hawa. Mimi naona walifanya jambo kubwa. Picha hawakuweza kuikata, kwa sababu mashine ya kukatia hawakuwa nayo. Basi wakachukua kile kilichowezekana, sauti. Walitwaa nusu ya mkasi. Na mkitazama video nyingi zinazochekesha sasa hivi mtandaoni, ni kazi ileile ya Lufufu: kipande cha watu wengine, sauti yangu juu yake, maana mpya kabisa.

Nusu ya pili ilianza kupatikana kamera za video na kompyuta ziliposhuka bei. Shamba Kubwa ya 1995 ilirekodiwa kwa video. Girlfriend ya George Tyson, 2003, iliwaweka wasanii wa Bongo Flava kwenye filamu na kufungua mlango ambao Bongo Movie nzima ilipitia. Adam Juma na Visual Lab yake wakabadilisha sura ya video za muziki. Kwenye televisheni Ze Comedy wakaonyesha kwamba kichekesho cha dakika chache kinaweza kuifanya nchi nzima ikae kimya kusubiri. Steven Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, umati uliojaa Kinondoni kumzika ulikuwa wa kiongozi wa nchi.

Ila gharama! Kompyuta ya kuhariria, programu, umeme, mhariri wa kulipwa kwa siku. Halafu msambazaji ananunua haki zote kwa mkupuo, mwenye filamu anabaki na jina. Mkasi ulikuwa umefika Kinondoni, lakini Chamazi bado.

Kampala kulikuwa na mtu aliyeonyesha mapema tunakoelekea. Isaac Nabwana, kwenye mtaa wake wa Wakaliga, alitengeneza Who Killed Captain Alex ya 2010 kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Helikopta, milipuko, kila kitu. Dunia ikaitazama YouTube na kuanguka kicheko. Lakini kuna habari moja ya filamu hiyo inaniuma: nakala yake ya asili haipo. Kompyuta ilikuwa imejaa, akaifuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu nyingine. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ juu yake.

SIMU INAFIKA CHAMAZI

Mkonga wa SEACOM ulitua Dar mwaka 2009. Simu janja za bei nafuu zikafuata, bando nazo zikafuata. KineMaster ya Korea ikaja kwenye Android mwishoni mwa 2013, ikawa shule ya kwanza ya wengi. InShot nayo ikaja. Kisha ByteDance ya China, wenye TikTok, wakatoa programu ya kuhariri kwa Wachina mwaka 2019, na 2020 wakaileta kwetu sisi wengine kwa jina la CapCut.

Kwa wasiopafahamu, Chamazi iko kusini ya jiji, wilaya ya Temeke. Unafika Mbagala Rangi Tatu, unabadili gari. Watu wa mpira wanapajua kwa sababu ya uwanja wa Azam Complex. Siku ya mechi magari ya matangazo yanajipanga, kamera zinakuwa nyingi, mhariri anachagua picha kwa kubonyeza kitufe. Ni biashara kubwa: mkataba wa Azam Media na Shirikisho wa 2021 ni wa miaka kumi na shilingi bilioni 225.6.

Nje ya ukuta huo kuna vijana wenye simu moja ya kioo kilichopasuka. Nimekaa nao mara kadhaa nikiangalia wanavyofanya kazi, na niwaambie ukweli, ni kazi. Goli lenyewe hawawezi kulitumia, mwenye haki ataifuta video. Basi wanaliigiza mchangani, peku, mmoja akiwa golikipa, mwingine akiwa kocha mwenye hasira. Simu inaegemezwa kwenye tofali au chupa ya maji. Wanarekodi vipande kumi, kumi na tano.

Halafu wanakaa kivulini na kukata. Sekunde mbili za kwanza ndizo zinazojadiliwa sana, kwa sababu mtazamaji asiponaswa hapo amekwishapandisha kidole. Kila ukimya unaondolewa. Kocha anapogeuka uso unasogezwa karibu ghafla, sauti ya ngoma inapiga hapohapo, wala si nusu sekunde baadaye. Maneno yanaandikwa kwa mkono juu ya picha, kwa Kiswahili cha Mbagala, kwa sababu wengi wanatazama wakiwa ndani ya daladala bila sauti. Mwendo unapunguzwa mtu anapoanguka. Picha ishirini ndani ya sekunde thelathini. Anayekata ana miaka kumi na tisa, hajawahi kuingia darasa la filamu, na anajua jicho la jirani yake linasoma kwa kasi gani.

Bwana Sellers angeona hii angesemaje?

Na haiishii Dar. Kili Paul na dada yake Neema, Wamasai wa kijiji cha Mindu Tulieni huko Lugoba, Pwani, walirusha video wakiigiza kwa midomo wimbo wa filamu ya Kihindi ya 2021. Kijijini kwao umeme ulikuwa haujafika, simu ilikwenda kuchajiwa mji wa jirani. Februari 2022 Ubalozi wa India hapa Dar ukampa heshima, na Februari 27 Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja kwenye hotuba yake ya redio. Watu wakashangaa: Mmasai na Kihindi wapi na wapi? Mnakumbuka Avalon na Empress? Babu zetu waliimba nyimbo hizohizo wakitoka sinema, ila hawakuwa na njia ya kumfanya Mhindi awaone. Kili Paul aliipata njia.

MKASI NI WAKO, MEZA NI YA NANI?

Sasa tusishangilie mpaka tukasahau kuuliza. Kila hatua ya historia hii mkasi ulipomfikia mtu mpya, kulikuwa na mwenye meza. Leo wenye meza ni wawili.

Wa kwanza ni kampuni. Programu ni ya ByteDance, na jukwaa la kurushia ni la ByteDance. Mtambo wao ndio unaochagua video ipi ipelekwe kwa watu laki na ipi ife na watazamaji arobaini. Zile fomu zilizokwisha kupangwa, ambazo unaingiza picha zako tu na video inajikata yenyewe, ni rahisi, lakini zinafanya kijana wa Chamazi, wa Jakarta na wa São Paulo wakate kwa mdundo mmoja. Na TikTok walipoanzisha mfuko wa kuwalipa watengenezaji mwaka 2020 walianza na Marekani, wakaongeza nchi kadhaa za Ulaya. Sisi hatukuwemo. Tunachekesha dunia kwa bando letu wenyewe.

Wa pili ni serikali. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni wajisajili kwa ada zilizofika shilingi milioni mbili na ushee kwa jumla. Wengi walifunga. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini woga ulikuwa umekwishaingia. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima na haikurejea mpaka Novemba 3. Siku zile simu zilikuwa na kamera, zilikuwa na programu za kukata, lakini picha ilibaki mfukoni. Intaneti iliporudi watu wakaonywa kuhusu kusambaza picha za yaliyotokea. Hapo ndipo unapoelewa kwamba kushika mkasi ni jambo moja, na kuruhusiwa kuonyesha ulichokata ni jambo jingine.

Kuna la tatu ambalo halimhusu mwenye meza yeyote, linatuhusu sisi. Filamu za Vugiri zilizosalia ni chache mno, na mojawapo, inayohusu wakulima wa Kingolwira, Morogoro, imetunzwa Uingereza. Yaani ukitaka kumwona mkulima wa Morogoro wa 1936 akitembea, ni Mwingereza anayekutunzia. Na hizi za kwetu za leo nani anazitunza? Nimewauliza vijana wale video zao za mwaka wa kwanza ziko wapi. Simu ilijaa, zikafutwa. Akaunti ilifungiwa, zikapotea. Simu iliibiwa Rangi Tatu, zikaenda nayo. Ni Captain Alex kila wiki, kila mtaa.

Mtu atasema, lakini ni vichekesho tu bwana! Hata kuku wa yule afisa wa afya alikuwa kuku tu. Miaka hamsini ijayo mwanahistoria atakayetaka kujua Chamazi ilikuwaje, watu waliongeaje, walivaa nini, walimcheka nani na walimwogopa nani, hatavipata kwenye taarifa ya habari. Atavipata nyuma ya kocha mwenye hasira, kwenye ukuta usiopigwa plasta, kwenye bei ya chipsi iliyoandikwa kwa chaki.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mnaokata: hifadhini vipande vya asili, siyo ile tu iliyorushwa. Kadi ya kumbukumbu ni ya bei ndogo kuliko bando la mwezi. Andikeni tarehe, mahali, na majina ya walioigiza kama wamekubali. Wekeni nakala mbili, moja isiwe kwenye simu. Na ninyi wa vyuo vyetu vya filamu na uandishi, nendeni Mbagala na Chamazi na daftari, mkajifunze, maana walimu wapo kule na hawana hata kiti cha kukalia.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.